Matokeo ya Utafiti wa Sera Yarudi Mtaani Yalikotoka

Hivi karibuni nilihudhuria kikao cha kuwasilisha matokeo ya utafiti wa taasisi moja ya chuo kikuu hapa Dar es Salaam, utafiti uliohusu namna kaya za kipato cha chini zinavyokabiliana na mafuriko katika bonde la Mto Msimbazi. Ukumbi ulijaa maofisa wa wizara, wawakilishi wa wafadhili, wahadhiri na waandishi wa habari. Katika safu ya mwisho, karibu na meza ya chai, waliketi wenyeviti wawili wa serikali za mitaa, ambao mitaa yao ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya waliohojiwa. Mada zote ziliwasilishwa kwa Kiingereza. Ilipofika zamu ya maswali, mmoja wao, mtu mzima aliyevaa koti licha ya joto, alisimama, akajitambulisha kwa jina la mtaa wake, kisha akauliza: "Daktari, tunashukuru. Vijana wenu walikuja kwangu na barua, nikaigonga mhuri, nikawapa mjumbe wa kuwazungusha. Sasa hii ripoti sisi tutaipata lini?" Mtoa mada alimjibu kwa heshima kwamba ripoti itawekwa kwenye tovuti ya taasisi, na kwamba muhtasari ulikwisha kupelekwa wizarani. Mwenyekiti wa kikao akashukuru, likachukuliwa swali jingine.

Niliondoka pale nikiwa na hasira ambayo hadi leo haijapoa, kwa sababu swali lile lilikuwa zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na ndilo lililopewa jibu jepesi kuliko yote.

Siziandiki taasisi hizi kwa kuzichukia. Naamini nchi isiyojichunguza huongozwa kwa kubahatisha, na historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inatupa sababu ya kujivunia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pale kitengo chake cha utafiti wa uchumi kilipoanzishwa mwaka 1965. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, ikaanzishwa pale chuoni ofisi ya utafiti ya BRALUP kwa ajili ya kuchunguza rasilimali na mipango ya matumizi ya ardhi, nayo mwaka 1983 ikageuka kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Taifa changa lilihitaji kujua maji yake yako wapi, ardhi yake inafaa kwa nini na watu wake wanaishi vipi, na lilikitegemea chuo chake kilitafutie majibu. Miaka ya 1990 zikaongezeka taasisi za utafiti nje ya chuo, ESRF mwaka 1993 na REPOA mwaka 1994, na wengi wa watafiti wake walipikwa Mlimani. Kazi imefanyika. Ninachogombana nacho ni mahali ambapo kazi hiyo inaishia.

Tazama safari ya barua ya utafiti, maana kila aliyewahi kukusanya takwimu mjini humu anaijua. Barua hutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa huiandikia wilaya. Wilaya na halmashauri humwandikia mtendaji wa kata. Mtendaji wa kata humwandikia mtendaji wa mtaa. Mtendaji wa mtaa humwita mwenyekiti, na mwenyekiti humtafuta mjumbe wa shina ambaye ndiye anayejua nyumba ya nani ina wapangaji wangapi. Kila ofisi hugonga mhuri wake, na mtafiti asiye na mhuri wa ofisi ya chini anaweza kurudishwa mlangoni, na ni haki yake kurudishwa. Barua hushuka ngazi zote hizo bila kuruka hata moja. Matokeo yakishapatikana hutoka kwenye kompyuta ya mtafiti yakaenda wizarani Dodoma na kwa mfadhili, na ofisi zote zilizogonga mhuri hurukwa, kana kwamba wajibu wao ulikuwa kufungua milango tu.

Jirani yangu wa Kigogo, mama anayeishi kwa kukaanga vitumbua, alihojiwa katika utafiti wa namna hii. Nilikuwapo. Mdadisi, binti mpole mwenye kishikwambi mkononi, alikaa naye barazani asubuhi, wakati ambao wateja ndio wanapita, akamuuliza juu ya kipato, milo ya siku, aina ya paa, choo anachochangia na nyumba nyingine, na madeni ya kikoba. Kisha akamuuliza maji ya mafuriko ya mwisho yalifika wapi. Yule mama hakujibu kwa mdomo. Alimwingiza ndani, akasogeza kabati la vyombo, akamwonyesha mstari wa kahawia ukutani, juu kidogo ya kizingiti cha dirisha, ambao chokaa mpya haikuweza kuuficha. Binti akatoa futi kamba, akapima kutoka sakafuni, akaingiza namba. Walipomaliza, mama akauliza majibu yatakuja lini, akaambiwa kwamba taasisi itawaletea. Mpaka leo hakuna aliyerudi.

Namba ile ndiyo inayoniuma. Ukizikusanya namba za nyumba zote zilizopimwa katika mtaa mmoja, unapata picha ya maji yanavyopanda, yanaanzia kwa nani na yanamfikia nani mwisho. Mwenyekiti mwenye karatasi hiyo angejua, mvua za masika zikianza kunyesha Pugu na Kisarawe, ni wazee gani wahamishwe kwanza usiku, ni vyoo vipi visichimbwe tena mahali pale, ni mtaro gani uzibuliwe kabla ya mwezi Machi. Takwimu hizo zimo ndani ya kompyuta za taasisi, zimesafishwa, zimechambuliwa, zikatoa jedwali katika ripoti ya kurasa nyingi ambayo mtaa ule hauna nakala yake hata moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na fikra inayotawala kazi ya taasisi zetu. Fikra hiyo inaamini kwamba sera hutungwa na waziri, katibu mkuu na kamati ya Bunge, kwa hiyo msomaji wa utafiti wa sera ni mtu wa Dodoma. Mimi nasema sera nyingi zinazogusa maisha ya mkazi wa jiji hili hupata sura yake ya mwisho katika ofisi ya chumba kimoja yenye meza, daftari la wakazi na picha ya Rais ukutani. Chukua mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii: sheria na fedha vinatoka juu, lakini kaya ipi ni maskini na ipi si maskini hutamkwa na wakazi wenyewe katika mkutano wa hadhara wa mtaa. Chukua asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Mikopo hiyo iliingizwa katika sheria mwaka 2018, ikasimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko mengi ya fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Nani aliyejua mapema kwamba kikundi fulani hakipo? Mtendaji wa mtaa alijua. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata alijua. Mama lishe wa pale kona alijua. Taasisi ya utafiti ambayo ingewapelekea hawa matokeo yake kila mwaka, na kuwasikiliza wakiyapinga, ingeokoa fedha nyingi za umma kuliko muhtasari wowote wenye picha za rangi.

Na gharama ya kuiruka ngazi hii tumeiona kwa macho. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, serikali iliwahamishia wakazi wa mabondeni Mabwepande, pembezoni mwa jiji, wakapewa viwanja. Nia ilikuwa njema na hatari ya mto ilikuwa ya kweli. Hata hivyo baadhi ya waliohamishwa walirudi Jangwani na kwingineko bondeni, kwa sababu anayebeba mizigo Kariakoo alfajiri, au anayeuza samaki wa Feri kwa karai, hawezi kuishi Mabwepande akalipa nauli na bado akala. Jambo hilo kila mwenyekiti wa mtaa wa bondeni angelisema katika dakika tano kama angeulizwa mbele ya ramani. Halikuhitaji mtaalamu kutoka mbali. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba za bondeni zikawekewa alama nyekundu na kubomolewa, na familia zilizokwisha kuhamishwa mara moja zikajikuta barabarani tena.

Hakuna anayeweza kuniambia kwamba njia nyingine haiwezekani, kwa kuwa imefanyika mjini humu humu. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi, wakapita mtaa kwa mtaa wakichora mifereji, vichochoro, visima na maeneo yanayojaa maji, na ramani zikawekwa wazi katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, ili yeyote azitumie. Mwanafunzi alitembea na mkazi. Mkazi alisema "hapa maji hugeuka", na neno lake likaingia kwenye ramani. Huo nao ni utafiti wa sera, na wa hali ya juu.

Mfano mwingine ni wa zamani zaidi na mzito zaidi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, ikiongozwa na Profesa Issa Shivji wa Mlimani. Tume haikujifungia na mafaili. Ilizunguka nchi, ikafanya mikutano ya hadhara, ikawaacha wakulima, wafugaji na wakazi wa mijini waseme mbele ya wenzao walivyoporwa ardhi na nani aliyewapora. Ni kweli kwamba serikali haikulikubali pendekezo lake kubwa, la kuiondoa milki kuu ya ardhi mikononi mwa Rais, na Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikaibakiza pale pale. Lakini mjadala ulikwisha kuwa wa wananchi. Vyama vya wakulima na wanawake viliingia katika mapambano ya muswada ule vikiwa na hoja mkononi, kwa sababu maneno yaliyokuwa katika ripoti yalikuwa maneno yao na waliyasikia yakisemwa. Serikali inaweza kuukataa ushauri wa profesa kwa barua ya mistari miwili. Kuukataa ushauri ambao wananchi wanaujua ni kazi ngumu zaidi, na hapo ndipo utafiti wa sera unapopata nguvu yake.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala za majarida ya kimataifa, wala si kwa kusimama chini ya mwembe akieleza majedwali. Ni kweli, na kanuni hizo zinatungwa na vyuo vyenyewe, kwa hiyo vyuo vinaweza kuzibadili. Nitaambiwa siri za waliohojiwa lazima zilindwe. Nakubali bila ubishi, ila jumla ya mtaa haina jina la mtu. Nitakumbushwa mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyoweka adhabu kwa kutangaza takwimu zinazopinga za serikali, yakawafanya watafiti waogope hata kufungua midomo. Yalirekebishwa mwaka 2019, na woga uliobaki ni wetu kuuondoa.

Hoja ya fedha ndiyo yenye uzito, na ninaikubali kwa shingo upande. Umoja wa Afrika ulizitaka nchi zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na sisi hatujafika huko, ndiyo maana sehemu kubwa ya tafiti hizi hulipiwa na wafadhili wa nje ambao hadidu zao za rejea hutaja warsha, ripoti na muhtasari wa sera, bila kutaja mtaa. Lakini andiko la mradi huandikwa na mtafiti wetu. Yeye ndiye anayeweka bajeti ya ukumbi, chakula na posho za washiriki. Gharama ya kupiga chapa karatasi mia mbili na kukodi viti vya plastiki na kipaza sauti kwa mchana mmoja haifiki hata robo ya gharama ya ukumbi ule niliokaa, na hakuna mfadhili atakayeikata akielezwa sababu yake.

Basi ninachodai ni hiki. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na yenye mamlaka ya vibali vya utafiti, iweke sharti kwamba utafiti wowote wa sera unaohoji kaya usihesabiwe kuwa umekamilika mpaka ufanye kikao cha mrejesho katika kila mtaa uliohojiwa, kabla ya ripoti kufungwa, ili wakazi wapate nafasi ya kusema "hapa mmekosea". Muhtasari wa kurasa nne, kwa Kiswahili, wenye namba za mtaa husika, ubaki kwa mtendaji na nakala ibandikwe ubaoni. Tangu mwaka 2021 sheria inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya kutolea haki mahakamani. Haiwezekani hakimu aandike hukumu kwa Kiswahili na mchumi ashindwe kueleza kodi ya nyumba kwa lugha hiyo hiyo. Na vyuo viweke alama za kupandia cheo kwa muhtasari huo na kikao hicho, ili mhadhiri kijana asilazimike kuchagua kati ya familia yake na watu aliowahoji.

Wenyeviti wa mitaa walichaguliwa Novemba 2024, na wengi wao waliingia ofisini wakiwa bado wanajifunza kazi. Taasisi yoyote ya Mlimani, Ardhi au Mzumbe yenye takwimu za mtaa wa jiji hili inaweza kuanza na hizo ilizo nazo tayari, bila kusubiri kibali kipya wala mfadhili, na ikawafikishia kabla ya masika yajayo.