Yai la bata gani?

Nilipomwambia fundi wangu wa Kariobangi Light Industries kwamba injini ya Land Rover yangu ilitoka kiwandani ikiwa na rangi ya yai la bata, aliweka spana chini akaniangalia. "Bata gani, kijana? Sisi nyumbani tulifuga bata, na mayai yao hayakufanana."

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa zito. Kiswahili hutaja rangi kwa kukuonyesha kitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, na ile nyekundu iliyokolea tunaiita damu ya mzee. Anayesikia ana haki ya kuuliza: jani la nini, mgomba au mkaratusi? Waingereza nao walifanya vivyo hivyo na injini hizi, halafu watu wakalichukua jina la yai kana kwamba ni kipimo.

Gari lenyewe ni Series IIA, zile zilizoundwa kati ya 1961 na 1971, injini ya petroli ya ujazo wa sisi (cc) 2,286. Lilikuwa la marehemu baba mkubwa, likibeba maziwa Kinangop kabla sijazaliwa. Liliponifikia, injini yote ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, kuanzia bloki hadi puli ya feni. Hata hosi ya rejeta ilikuwa na madoadoa ya fedha, kwa sababu aliyepuliza hakuona haja ya kuifunika.

Huu ni ugonjwa wa Nairobi na nitausema wazi. Mtu akinunua gari la kale, kitu cha kwanza anachotaka ni boneti ikifunguliwa watu waseme "waa!" Basi injini inapigwa fedha, au nyekundu, au lolote linalong'aa. Nimeona Volkswagen ya kobe ambayo bati la feni lilipakwa nyekundu ya lipstiki, ilhali kiwandani lilikuwa jeusi, na mwili wa injini wa aloi ya magnesi haukupakwa kitu. Siku hizi pia kuna picha za simu. Mtu anaona Chevrolet ya Marekani ina injini ya rangi ya chungwa, anaamua magari yote ya kale yalikuwa ya chungwa. Ford wa huko huko Marekani walikuwa na buluu yao kuanzia 1966, lakini nani anauliza? Na kuna Datsun 240Z moja hapa mjini, sitasema ya nani, ambayo injini yake sasa ni ya chungwa. 240Z! Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, injini yake ikiwa ya buluu ambayo wapenzi wa Datsun wanaitambua wakiwa mbali. Siku ile sikumaliza chai yangu.

Hata hivyo mimi mwenyewe sikuanza vizuri. Nilitaka kuirudishia injini rangi yake ya kiwandani, nikakuta namba ya rangi hiyo kwenye intaneti, nikaipeleka duka moja la rangi Industrial Area, kijana akaibonyeza kwenye kompyuta, na baada ya dakika kumi akanikabidhi kopo. Tulipopaka kipande cha bati, tulipata ukuta wa zahanati. Kijani cha hospitali hasa, kile unachokitazama ukisubiri kuitwa jina.

Sikumlaumu kijana. Kwa bodi, namba husaidia: kile kijani kizito cha Land Rover za mwanzo kipo kwenye orodha ya rangi ya Waingereza iitwayo BS 381C, namba 224, na ukiitaja Nairobi au London mnaelewana. Kwa injini, kila mtu ana namba yake na kila mmoja anaapa. Mmoja alilinganisha na injini iliyoloa oili miaka hamsini ikageuka manjano. Mwingine alilinganisha na picha. Namba inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini ikawa namba ya uchafu wa mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema injini yako ndiyo ya kuulizwa kwanza. Rangi ya kiwandani haifutiki yote. Hujificha mahali ambapo jua, brashi na fundi mwenye haraka havikufika: nyuma ya breketi ya dainamo, chini ya maunting ya injini, chini ya vibati vya namba, kwenye kona ambazo grisi na vumbi vilishikana vikawa tope gumu. Tope hilo tunalolilaani ndilo lililoilinda. Sisi tulilikwangua kwa kijiti cha mbao badala ya bisibisi, kisha tukapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usikimbilie thina. Rangi nyingi za zamani huyeyuka kwenye thina, na utaosha ushahidi wako huku ukijiona msafi.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba si kila breketi ina rangi nyuma yake. Kama kiwanda kilipuliza injini ikiwa tayari imefungwa vifaa, ukifungua breketi utakuta chuma kitupu, na pembeni mstari ambapo rangi ilikomea. Usisikitike. Mstari huo unakuambia nini kilikuwa kimefungwa wakati wa kupuliza na nini kilifungwa baadaye, yaani kipi kipakwe na kipi kiachwe. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko rangi yenyewe. Nauona ufufuaji mwingi wa hapa mjini ukiharibikia hapo: bolti zilizopaswa kuwa na zinki ya manjano zimepakwa rangi pamoja na bloki, kabureta imepakwa, hata gasketi zimepakwa.

Kipande chetu cha rangi ya kiwandani, tulichokikuta nyuma ya breketi, kilikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Tulikisugua taratibu kwa dawa ya kung'arishia bodi, safu ya juu iliyokuwa na manjano ikatoka, na chini yake likatokea lile yai. Si buluu, si kijani. Lilikuwa la baridi kidogo, kama maji ya bwawa asubuhi. Fundi akasema, "Aa. Bata mwenyewe ni huyu."

Sasa tukachanganya, na hapo tukapoteza siku nzima kwa kosa la kipuuzi. Paa la karakana yake lina shuka mbili za plastiki ya kijani za kuingiza mwanga. Chini ya paa hilo tulipata rangi iliyolingana kabisa, tukapeana mikono, tukatoka nje, na rangi hizo mbili zikawa tofauti kama maziwa na chai. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa madini tofauti zinaweza kufanana chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwingine. Taa za tyubu za madukani zinadanganya vivyo hivyo. Tangu hapo tulichanganyia nje, kivulini, kabla ya saa tano.

Fundi hakutumia mashine. Mashine ya kusoma rangi inataka uso laini na safi, na chuma cha kusubu kina vinyweleo vinavyoichanganya. Alianza na nyeupe nyingi, akaongeza buluu kwa ncha ya kijiti, kisha kijani, kisha manjano ya udongo kidogo sana ili kuivunja makali. Kila hatua alipaka kwenye kadi na kuiacha ikauke, kwa sababu rangi mbichi ni mwongo: ikikauka hubadilika. Kadi nazo alikuwa amezipiga praima, yaani rangi ya kutangulia, ya kijivu, ileile ya injini, maana chini ya rangi nyembamba praima nyekundu hupenya na kuichafua. Kadi ya kumi na moja ndiyo iliyokubali.

Tulipofika hapo nilidhani tumemaliza, kumbe ugomvi wetu mkubwa ulikuwa haujaanza. Fundi alitaka kumalizia kwa vanishi ya kung'aa. Nilikataa. Kiwanda hakikupaka injini ili ipendwe. Kilipaka ili isishike kutu mapema, safu nyembamba, haraka, mahali pengine ikichuruzika. Ukichukua rangi sahihi ukaipa mng'ao wa kioo, jicho litaiona kuwa nyeusi zaidi na mpya mno, na kazi yote ya kadi kumi na moja imepotea. Pia alitaka kujaza fila kwenye vinyweleo vya chuma ili bloki iwe laini kama sahani. Nikamwambia, mzee, hiyo si injini tena, ni sufuria. Alinuna mpaka mchana.

Mtu atauliza kwa nini nijisumbue hivi kwa kitu kinachofunikwa na boneti. Kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza 1970, boneti hufunguliwa, na wapo wazee wanaokuja kuangalia hapo tu. Lakini mimi sina mpango wa kushindana. Nilitaka tu kuona alichokiona baba mkubwa siku alipofungua boneti mara ya kwanza.

Tulipuliza Julai, na hilo nalo lilikuwa kosa. Baridi na manyunyu ya asubuhi viliingia kwenye rangi ikafunga ukungu mweupe, tukapiga msasa tukarudia mchana jua lilipotoka. Na kwa wale mnaotumia rangi zenye hadina, ile dawa ya kuifanya rangi iwe ngumu: barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake, na mapafu hayauzwi pamoja na vipuri kule Kirinyaga Road.

Mwishoni fundi alikuja na brashi ndogo kukipaka rangi kile kipande cha ukubwa wa sarafu nyuma ya breketi, ili pasibaki doa. Nilimshika mkono. Tukafunga breketi juu yake kama kilivyokuwa.