Ufa ulionyamaza ndo wa kupimwa kwanza

Watu wengi wa kwetu wakisikia habari za meli za kupima mitetemo baharini, akili inaenda moja kwa moja kwenye gesi, Songo Songo, Mtwara huko. Sawa, teknolojia ni ileile. Ila mi naona kazi yake kubwa kuliko zote ni ile isiyoleta hela, yaani kuchora nyufa pale bamba moja la ardhi linapozama chini ya lingine, na inaniuma sana kuona inafanyika kwa kusuasua.

Angalia Cascadia, pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada. Bamba la Juan de Fuca linazama chini ya Amerika Kaskazini, na mara ya mwisho ufa wote kuachia ilikuwa Januari 1700, tetemeko la ukubwa wa karibu 9, tsunami ikavuka Pasifiki mpaka Japani ambako watu waliona maji yamepanda bila kusikia ardhi ikitikisika. Tangu hapo kimya. Na hicho kimya ndo shida yenyewe, maana kwingine wataalamu wanaujua ufa ulipo kwa kufuatilia vitetemeko vidogo vidogo, sasa pale ni vichache mno, utauonaje? Ndo mwaka 2021 meli ya Marcus G. Langseth ikakaa baharini siku 41 inavuta kebo ya kilomita 15 iliyojaa maiki za majini, bunduki za hewa zinapiga, mlio unashuka unapenya matope na miamba, kila tabaka linarudisha mwangwi wake, wanapima umechukua muda gani kurudi afu kompyuta inageuza huo muda kuwa picha ya huko chini kabisa.

Majibu yalitoka 2024, mtaalamu wa jiofizikia ya bahari Suzanne Carbotte na wenzake wakaonyesha ufa umegawanyika angalau vipande vinne, na kile cha mbele ya jimbo la Washington ni laini na kimelala zaidi kuliko vingine, kwa hiyo huenda ndo cha hatari zaidi. Kabla ya hapo walikuwa wanategemea data hafifu ya miaka ya 1980! Miji mikubwa kama Seattle ilikuwa inapanga majengo yake kwa picha ya zamani namna hiyo.

Wapo wanaopinga kwa sababu ya nyangumi, na wana hoja, ile milio ni mikali kweli. Ndo maana wawepo waangalizi melini na bunduki zizimwe mnyama akisogea, hilo lisiwe la kubembelezana.

Sasa huku kwetu kuna Makran, pwani ya Pakistan na Iran, nako bamba moja linazama chini ya lingine, ng'ambo yake tu ni Oman walipo ndugu zetu wengi. Mwaka 1945 upande wa mashariki ulitoa tetemeko la ukubwa wa 8.1 na tsunami, upande wa magharibi umetulia mno. Na bahari yetu ni moja, ile tsunami ya Sumatra ya 2004 iliua watu mpaka Somalia, Kenya na Tanzania. Makran imeshapimwa kwa vipande, mi natamani nchi zinazoizunguka zichange hela ipimwe yote kama Cascadia, data iachwe wazi kwa kila mtu, na wanafunzi wetu wa jiolojia wa Dar na Nairobi wapate nafasi humo melini.