Samaki wa kidole gumba: tangi la lita 40 au la lita 120?

Mwezi uliopita mpwa wangu alinitumia picha kutoka duka moja la samaki wa mapambo mjini Mombasa. Tangi la kioo la urefu wa sentimita 40, jipya, lina taa yake na chujio lake, bei imebandikwa ubavuni. Chini ya picha aliandika: "Mjomba, muuzaji anasema hawa samaki wa baharini ni wadogo kama kidole gumba, hili linawatosha. Wewe uliniambia nisishuke chini ya lita 120. Nimsikilize nani?"

Nilitaka kumjibu kwa neno moja nikashindwa. Muuzaji hakumdanganya, na mimi pia sikumdanganya. Wapo watu wenye klauni wawili, wale samaki wadogo wa matumbawe, kwenye tangi la lita 40 kwa miaka, samaki wananona na kutaga mayai. Wapo pia, na ni wengi zaidi, walionunua tangi kama lile na baada ya miezi mitatu likahamia stoo. Kwa hiyo niliketi nikamfanyia hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo hii.

Kwanza, lita zinazoandikwa kwenye karatasi si lita za maji. Tangi la sentimita 40 kwa 30 kwa 35 ni lita 42 ukizidisha. Lakini maji hayajazwi hadi ukingoni, na mchanga na mawe yanachukua nafasi yake. Ukishapanga kila kitu unabaki na maji lita 31 au pungufu. Tangi la 90 kwa 40 kwa 40 linahesabika lita 144, na ndani yake utapata kama lita 120 za maji halisi. Tunalinganisha 31 na 120, basi, na tofauti yake ni karibu mara nne.

Watetezi wa matangi makubwa hupenda kuanza na maji kukauka. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki, na tangi dogo, wanasema, linakolea chumvi upesi. Mimi mwenyewe niliirudia hoja hii kwa miaka mpaka siku nilipoipigia hesabu. Tuseme kina kimeshuka sentimita 1 kwa siku mbili. Kwenye tangi lenye kina cha sentimita 32, chumvi ya gramu 35 kwa lita inapanda hadi 36.1. Kwenye lile kubwa lenye kina cha sentimita 36 inafika 36.0. Hakuna tofauti ya maana! Maji hukauka kupitia uso wake, kwa hiyo kinachoamua ni kina, wala si wingi wa lita. Hatari iko kwenye vile vitangi vya mezani vyenye kina cha sentimita 20, ambako sentimita hiyohiyo moja inakupeleka 36.8. Na kwa tangi lolote dawa ni ileile: ongeza maji baridi yasiyo na chumvi kila siku, hadi kwenye alama uliyoichora kwenye kioo.

Hoja yenye nguvu ni ya uchafu. Chakula kilichobaki, kinyesi na mzoga vyote hugeuka amonia, na kiasi kilekile cha amonia kikiingia kwenye lita 31 kinakuwa kikali karibu mara nne kuliko kwenye lita 120. Tena maji ya bahari yana pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8 na ushei, na katika hali hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inakaa katika umbo lake lenye sumu kuliko kwenye maji ya kawaida yasiyo na chumvi. Mtu aliyezoea kufuga samaki wa mtoni anashtuka hapa, maana kosa alilokuwa akisamehewa kule halisamehewi huku.

Hili nililiona kwa macho. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 40, na ndani yake klauni wawili na kamba mmoja. Konokono mmoja mkubwa alifia nyuma ya jiwe, mimi sina habari. Jumamosi asubuhi nilikuta maji yamefifia kama yametiwa tone la maziwa. Samaki wote wawili walikuwa wamejibanza juu kabisa, vinywa vikigusa uso wa maji, mashavu yakifunguka na kufunga mbiombio kama ya mtu aliyepanda ngazi akikimbia. Nilipoinua lile jiwe, harufu iliyopanda iliniambia kila kitu. Nilibadilisha maji nusu tangi kwa ndoo za haraka. Jike alipona. Dume na kamba hawakufika jioni. Konokono yuleyule angefia kwenye lita 120, naamini ningekuwa na siku moja au mbili zaidi za kugundua.

Joto nalo lina hesabu yake. Hita ya wati 100 ikikwama bila kujizima, hupandisha lita 31 nyuzi moja kwa kama dakika 20. Hita hiyohiyo kwenye lita 120 inahitaji zaidi ya saa nzima. Kwa aliye Nairobi, anayewasha hita mwezi wa Julai, huo ndio muda wa kurudi nyumbani na kukuta samaki hai. Kwetu pwani shida huwa kinyume chake: mwezi wa Machi, kabla ya masika, chumba kinaunguza mchana kutwa na tangi dogo lenye taa kali linapanda pamoja nacho. Feni inayopuliza uso wa maji inasaidia sana, ila nayo inakausha maji. Unarudi kwenye ile alama ya kioo.

Sasa niwatendee haki wa upande wa pili, maana mara nyingi wanasikika kama watu wavivu na si kweli.

Tangi la lita 120, na mawe yake na kioo chake, linakaribia uzito wa kilo 170. Haliwekwi juu ya kabati la televisheni. La lita 31 ni kama kilo 50, meza imara inalibeba. Mtu aliyepanga chumba kimoja, anayeweza kuhama mwakani, hana kosa akiliogopa lile kubwa. Kuna gharama pia. Anayeishi mbali na bahari anachanganya chumvi ya paketi, na kujaza lita 120 kunamla kilo 4 na kitu, kabla hajaanza kubadilisha maji. Lita 31 zinamla kilo 1 na kidogo.

Aliye karibu na bahari ana neema: anachota. Lakini kuchota nako kuna adabu yake. Subiri maji yajae, ukae mbali na mdomo wa mto na bomba lolote linalomwaga, usichote baada ya mvua kubwa, kisha uyachuje na kuyaacha yatulie gizani kabla ya kuyatumia. Ukibadilisha sehemu moja ya kumi kila wiki, tangi dogo linataka lita 3, yaani chupa mbili za maji. Kubwa linataka lita 12, dumu la lita 20 lililozidi nusu kidogo. Kubeba dumu kutoka ufukweni hadi ghorofa ya tatu kila Jumapili ni kazi. Wengi huifanya miezi miwili kisha huiacha. Na lita 120 zilizoachwa bila kubadilishwa ni mbaya kuliko lita 31 zinazohudumiwa kila wiki.

Jingine husahaulika kabisa: nafasi huliwa. Mtu akinunua tangi kubwa kwa sababu linasamehe makosa, haweki samaki wawili. Anaweka kumi. Ile akiba ya maji aliyoilipia imekwisha, na sasa ana kosa kubwa ndani ya tangi kubwa. Umeme ukikatika saa nane za usiku ndipo unaona. Maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kwa kama sehemu moja ya tano kuliko maji yasiyo na chumvi ya joto hilohilo, na kadiri yanavyokuwa ya moto ndivyo yanavyobeba kidogo zaidi. Pampu ikinyamaza, samaki, viumbe wa kwenye mawe na bakteria wote wanavuta pumzi moja. Samaki wawili katika lita 120 wanaweza kungoja alfajiri. Kumi hawawezi. Kwa tangi dogo, kipampu cha hewa cha betri za tochi kinatosha. Kwa lile kubwa lililojaa, utahitaji inveta au usiku wa kukorogea maji kwa kikombe. Nimewahi kukoroga hadi adhana ya alfajiri.

Nimesikia pia hoja moja nzuri kutoka kwa mvuvi wa Shimoni. Alisema: nenda kwenye mwamba maji yakipwa siku za bamvua, utakuta vidimbwi visivyozidi karai, jua linavichoma, na visamaki vimo humo vinacheza. Ni kweli kabisa. Ila dimbwi lile halihifadhi samaki kwa wiki. Baada ya saa chache maji yanarudi na bahari nzima inaliosha, mara mbili kila siku. Hakuna tangi la nyumbani linaloweza kubadilisha maji yake yote mara mbili kwa siku. Na samaki wanaovumilia vidimbwi ni jamii zao maalumu, si wale wanaouzwa dukani, ambao wengi wametolewa kwenye matumbawe ya chini zaidi ambako joto halichezi hovyo.

Hapo ndipo ninapoachana na muuzaji. Yeye alipima mwili wa samaki. Mwili unakwambia kidogo sana.

Chukua klauni wetu wa pwani, yule wa rangi ya waridi na chungwa mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni, Amphiprion akallopisos. Anafika sentimita 11 hivi. Baharini haondoki mbali na anemoni yake, mnyama laini mwenye minyiri anayemhifadhi, maisha yake yote yamo ndani ya hatua chache. Samaki wa namna hii ndiye hoja bora ya tangi dogo: jozi moja, jike na dume, bila wa tatu, maana wa tatu atang'atwa mpaka afe. Lakini ukitaka na anemoni yake, hesabu inavunjika. Heteractis magnifica inaweza kutanuka hadi mita nzima. Klauni hukaa vizuri bila anemoni, na kwenye tangi dogo akae bila.

Sasa mtazame Centropyge acanthops, mwenye uso na mgongo wa rangi ya machungwa na mwili wa buluu, anayepatikana pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ana sentimita 8, ni mfupi kuliko klauni. Siku nzima yuko mwendoni, anadonoa mwani jiwe hadi jiwe, na eneo lake analilinda kwa ukali. Mweke kwenye sentimita 40 za kioo na utamwona akienda na kurudi, kwenda na kurudi, kisha ataanza kuwapiga wenzake. Huyu anataka urefu, na anataka mawe mengi yaliyokwisha kuota mwani. Lita 120 kwake ni mwanzo.

Anayeniuma zaidi ni msafishaji, Labroides dimidiatus, yule mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni. Kenya husafirisha wengi wa aina hii kwenda ng'ambo. Ni mdogo, ni mzuri, na dukani huuzwa kama mtumishi wa tangi. Baharini ana kituo chake ambako samaki wakubwa hupanga foleni awatoe vidudu, na kazi hiyo ndiyo chakula chake. Tangi lenye samaki watatu halina foleni. Wachache hujifunza kula chakula cha mkononi. Wengi hukonda taratibu na kufa wakiwa wazima wa rangi. Huyu hana tangi la ukubwa wowote ninaloweza kumshauri anayeanza.

Kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, naye huuzwa akiwa na sentimita 4 na hukaribia 30. Hapo hatuzungumzii samaki mdogo tena, tunazungumzia mtoto.

Upande wa pili wapo wadogo wa kweli. Gobiodon citrinus, wa manjano, hukaa kwenye tawi moja la tumbawe kama ndege kwenye kiota na hafiki sentimita 7. Nemateleotris magnifica huelea mbele ya tundu lake na kurudi ndani akishtuka, ila tangi lake lazima liwe na kifuniko cha wavu, kwa sababu huruka. Hawa wanaweza kukaa kwenye lita 40 na wasipungukiwe kitu, mradi mwenye nyumba yupo kila siku.

Nikamwandikia mpwa wangu hivi: kama umeshachagua jozi moja ya klauni, na utaapa kwamba hutaongeza hata mmoja, na kuna mtu nyumbani kila siku wa kuongeza maji, chukua lile dogo. Kama bado unataka "kuona utakachopenda", chukua la sentimita 90, weka samaki wachache kama kwamba ni dogo, na usitazame lita pekee. Pima urefu wa kioo. Tangi refu la kina cha wastani ni bora kuliko la kusimama lenye lita zilezile, kwa kuogelea na kwa hewa. Na lolote utakalochukua, likae wiki nne hadi sita bila samaki mpaka bakteria wanaomaliza amonia wajijenge kwenye mawe.

Hakujibu kwa siku nne. Baadaye mama yake akaniambia amepima ukuta wa sebuleni na kuuza redio yake.

Jana amenitumia picha nyingine. Tangi la sentimita 90 juu ya stendi ya mbao, mawe yamepangwa, maji yametulia, mstari wa kalamu umechorwa kwenye kioo. Mbele yake kichupa cha kupimia amonia, bado kijani, yaani amonia ingalimo. Ameandika: "Wiki ya tatu, Mjomba. Samaki bado."