Mzee Mwenye Ugonjwa wa Kusahau Asifichwe

Usiku mmoja nyanya yangu alitoka nyumbani bila viatu, akakatiza shamba la mihogo, akaenda kubisha mlangoni kwa jirani huku akimwita dada yake tuliyemzika zamani. Kwetu Kilifi, mwanamke mwenye mvi akikutwa usiku wa manane mbele ya mlango wa watu, daktari si mtu wa kwanza kufikiriwa. Jirani yule hakupiga kelele. Alimshika mkono, akamkalisha, akatuma mtoto aje kutuita, kwa sababu miezi mitatu kabla ya hapo mama alikuwa amemwendea na kumweleza waziwazi kwamba nyanya anaugua. Naamini mazungumzo yale ndiyo yaliyomwokoa.

Wazee wengi katika kaunti yetu wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine hupaka mvi zao rangi nyeusi kwa hofu, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze wapate hifadhi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa ardhi, wala sidai kwamba kila aliyesingiziwa alikuwa mgonjwa. Hata hivyo, mtu mwenye dimenshia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, anaweza kutangatanga usiku, kuzungumza na wasioonekana, kuwashuku wanawe kwamba wamemwibia, au kutoka nje bila nguo, na mambo hayohayo ndiyo yanayotajwa vijijini kuwa dalili za uchawi. Familia inayomfungia mzee ndani kwa aibu inadhani inamstahi, kumbe inamwachia mwenye tamaa ya shamba lake nafasi ya kueleza hali hiyo apendavyo.

Wapo pia wasemao ni uzee tu, nao wanakosea. Dimenshia hutokana na magonjwa yanayoharibu ubongo, ukiwemo ugonjwa wa Alzheimer, unaochangia takriban asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa, na madhara ya mishipa ya damu ya ubongo, ambayo presha na kisukari huyachochea. Watafiti waliowapima watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, walikuta kwamba wenye dimenshia walikuwa kama sita katika kila mia, maana yake wengi wanaofika umri huo hawana ugonjwa huu. (Huko Hai lilitumika pia jaribio la kupanga njiti za kiberiti, ili mzee ambaye hakusoma asipimwe kwa kalamu ambayo hajaizoea, na mimi naona heshima kubwa katika jambo hilo.) Mzee apelekwe hospitali mapema, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, maambukizi ya njia ya mkojo au sonona vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na vyote hivyo vina tiba. Alzheimer yenyewe haijapata dawa ya kuiponya.

Kilichotuchukua muda mrefu zaidi kujifunza ni kuacha kubishana naye. Kila alipomuulizia dada yake tulimjibu kwamba alikwishafariki, na kila mara nyanya alilia kama aliyepata habari hiyo wakati uleule. Tulikuwa tukimfisha dada yake upya kila siku kwa sababu tu tulitaka kusema kweli. Sasa tunamuuliza dada huyo alikuwa mtu wa namna gani, naye hutulia akisimulia. Majina yetu yamempotea, lakini mikono yake haijasahau kushona makuti, na akiwa na kazi hiyo mapajani haulizi njia ya kurudi kwao.

Jirani yule humletea makuti kila Ijumaa, wakakaa barazani na kushona pamoja hadi jua litue. Nyanya humwita kwa jina la dada yake, naye huitika.