SEO kwa biashara ndogo: mteja anaanzia wapi kukutafuta?

Natengeneza tovuti, na wateja wangu wengi ni watu wa duka moja, karakana moja, au magari mawili ya watalii. Swali wanaloniuliza kila mara ni kama SEO ina maana kwao, yaani ile kazi ya kupanga tovuti na taarifa zako ili mtu akiandika jambo kwenye Google, wewe utokee bila kulipia tangazo. Huwa nawarudishia swali: siku mteja anapohitaji kitu chako, anaanzia wapi kukutafuta?

Wanaosema haina maana wana hoja nzito kuliko sisi wa fani hii tunavyopenda kukiri. Kuna dada anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Nilikaa dukani kwake asubuhi moja. Alipiga picha mzigo ukiwa bado kwenye nailoni, akauweka kwenye status ya WhatsApp, na kabla chai haijapoa simu ikaita. "Dada, ile ya maua ya njano ipo?" "Ipo mpenzi, doti ngapi?" Mteja alikuwa Songea. Alilipa kwa lipa namba, na jioni mzigo ukapelekwa Mbezi kupakiwa kwenye basi. Katika safari yote hiyo hakuna aliyeandika chochote Google. Mteja yule alipewa namba na shoga yake. Kumtoza dada huyu ada ya SEO kila mwezi ni kumlia hela yake, na mimi ndiye ningeipokea hiyo ada.

Halafu kuna suala la muda. Google wenyewe wamewahi kueleza kwamba mara nyingi huchukua kati ya miezi minne na mwaka kabla faida ya kazi hii haijaanza kuonekana. Mtu anayedaiwa kodi ya fremu ya miezi sita kwa mkupuo hana subira hiyo, wala hastahili kulaumiwa. Na tangu Mei 2024, Google walipoanza huko Marekani kuweka juu kabisa majibu yaliyoandikwa na akili mnemba, mtu anaweza kupata alichouliza na kuondoka bila kubonyeza tovuti ya yeyote.

Sasa twende Moshi. Mjerumani anayepanga kupanda Kilimanjaro akiwa Munich hana shoga wa kumpa namba ya mtu wa Moshi. Ana simu yake na maswali yake. Usipotokea hapo, atakufikia kupitia majukwaa makubwa ya safari, ambayo hayamleti mgeni bure. Kwa kampuni ndogo ya watalii, SEO ni suala la nani anabaki na faida.

Lakini hata huko kuna namna ya kupoteza pesa. Mwenye kampuni mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa amelipa karibu mwaka mzima kwa watu waliomhakikishia kuwa namba moja. Walichomfanyia ni kumnunulia viungo (links), yaani anwani za kubonyeza zinazoelekeza kwenye tovuti yake, kwenye tovuti ambazo hakuna anayezisoma, mchezo ambao Google walianza kuuadhibu vikali tangu Aprili 2012. Google wanasema wazi kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Ukiahidiwa hivyo, funga mazungumzo.

Tuliacha kabisa kugombania maneno "kupanda Kilimanjaro", maana hapo wakubwa wamejaa. Nilimkalisha chini, nikamwomba anisimulie wageni humuuliza nini. Mtu huyu ameupanda mlima kwa miaka mingi. Alizungumza saa mbili bila kuchoka. Mvua za Novemba zikoje kwenye njia ya Lemosho. Siku nane zinamsaidiaje mgeni kuzoea hewa nyembamba kuliko siku sita. Wapagazi wapewe bahashishi kiasi gani, na akabidhiwe nani. Kila swali likawa ukurasa. Baadaye tulipofungua Search Console, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha watu waliandika maneno gani hadi wakakufikia, ukurasa wa mvua za Novemba ulikuwa unaleta watu wengi kuliko ukurasa wa mbele ulioandikwa "kampuni bora Tanzania". Hiyo ndiyo SEO ninayoiamini: maarifa ya mwenye biashara, yakiandikwa kwa lugha ya anayeuliza.

Kati ya Kariakoo na Moshi wapo wengi, na hao ndio ninaowahurumia zaidi, kwa sababu wanachohitaji ni bure na hakuna anayewaambia. Friji ikigoma Jumapili na nyama iko ndani, mtu hasubiri status. Anaandika "fundi friji" na kupiga simu ya kwanza inayopatikana. Ramani ya Google huangalia mambo matatu makubwa: kama shughuli yako inalingana na kilichotafutwa, uko umbali gani, na unajulikana kiasi gani, pamoja na maoni ya wateja. Fundi mmoja wa Tabata alikuwa na namba ya zamani kwenye wasifu wake wa ramani hiyo, yaani ukurasa wa bure wa taarifa za biashara, na pini yake ilikuwa imechomwa kituo cha Bima wakati karakana iko Kimanga. Tulirekebisha tukiwa tumesimama mlangoni pake, tukapiga picha za karakana, tukaweka saa za kazi. Haikuchukua hata saa moja. Siku hizi kila akimaliza kazi anamwomba mteja aandike maoni. Tovuti hana, na sijamshawishi awe nayo.

Juzi dada wa vitenge amenipigia. Amesikia wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaofuata mzigo Kariakoo hupelekwa na madalali, na dalali hula sehemu yake. Anataka wamfikie yeye moja kwa moja. Hao hawana namba yake, kwa hiyo jibu langu kwake limebadilika. Tumekubaliana tuanze na wasifu kwenye ramani: jina la jengo, ghorofa, namba ya fremu, na neno "jumla" liwe mwanzoni mwa maelezo.