88rising wamefungua njia, na lugha za kwao zipite
Kwa miaka mingi msanii wa Asia akivuma Marekani alichukuliwa kama kioja: watu wanatazama video yake, wanacheka, wanasahau. Ndiyo maana naiheshimu 88rising. Lebo hii ya muziki ya Marekani, inayowasimamia wasanii wenye asili ya Asia na iliyoanzishwa na Sean Miyashiro mwaka 2015, haikukaa kusubiri redio za Marekani ziwakumbuke wasanii wake. Ilijijengea chombo chake, chaneli ya YouTube, na ikajua kukitumia.

Mtazame rapa Rich Brian. Alikuwa kijana wa Jakarta aliyesomea nyumbani, Kiingereza amekiokota kwenye intaneti. Mwaka 2016 akatoa "Dat $tick", na katika video amevaa fulana ya rangi ya waridi na kibegi kiunoni. Wengi walidhani ni mzaha. 88rising wakawaita marapa wa Marekani, akiwemo Ghostface Killah wa kundi mashuhuri la rap la Wu-Tang Clan, wakawarekodi wakiitazama video hiyo. Ghostface akaishia kuweka mistari yake kwenye rimiksi. (Jina la jukwaani alilotumia Brian wakati huo, Rich Chigga, lililocheza na tusi la ubaguzi, liliwaudhi watu weusi, na walikuwa na haki, aliliacha mwanzoni mwa 2018.) Kazi ya lebo ni hiyo hasa: kumtoa msanii kwenye kicheko cha watazamaji na kumfikisha mbele ya wenye fani.

Kisha akaja Joji, mwimbaji mzaliwa wa Osaka, Japani. Mwaka 2018 albamu yake, Ballads 1, ilishika namba 1 kwenye chati ya jarida la Marekani la Billboard ya albamu za R&B na hip hop, na hakuna mzaliwa wa Asia aliyewahi kufika hapo kabla yake. Mwaka 2022 wimbo wake "Glimpse of Us" ukaingia kumi bora za Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Billboard. Ni nyimbo za mtu aliyeumizwa na mapenzi, basi. Hamna joka wala kimono ndani yake, na hilo nalipenda mno.

Lakini wote hao waliopaa wanaimba Kiingereza, na mwimbaji NIKI wa Jakarta naye vilevile. Kundi la rap la Higher Brothers wa Chengdu, China, waliochana kwa Kichina na kwa lahaja ya Sichuan, walipendwa sana, ila hawakufika kilele hicho. Siwalaumu wasanii. NIKI anaandika Kiingereza kwa ufundi, na ni lugha yake pia. Naidai lebo izisukume na lugha za kwao, kwa sababu nguvu inayo.

Na ushahidi kwamba lugha hizo zinapita iliutoa yenyewe. Aprili 2022, kwenye jukwaa kuu la Coachella, tamasha kubwa la muziki la California, iliwapandisha mwimbaji wa Japani Utada Hikaru na kundi la wasichana la Korea Kusini, 2NE1, lililokuwa limevunjika tangu 2016. Milli wa Thailand alichana kwa Kithai, kisha akala wali wa kunata na embe palepale jukwaani. Magazeti yaliandika kuhusu embe. Mimi nilishikwa na ile mistari, namna alivyoitema kwa kasi na umati ukamfuata bila kuhitaji mkalimani.

Tamasha lao, Head in the Clouds, lilianzia Los Angeles mwaka 2018, na mwaka 2022 likafika Jakarta na Manila. Mashabiki wa kuanzia nao, basi, wapo. Nataka Brian atoe albamu nzima kwa Kiindonesia, na isukumwe kwa bajeti ileile ya albamu ya Kiingereza.