Kuomba Kusimama Si Kusimama

Alasiri moja kijana ninayefanya naye kazi, hapa Ngong Road, aliniita mezani kwake. Alikuwa akiandika dibaga ndogo ya Linux, yaani programu ya kusimamisha na kuchunguza programu nyingine, na kila alipojaribu kusoma rejista (hifadhi ndogo za ndani ya prosesa) za programu aliyoishika, keneli, kiini cha mfumo, ilimjibu ESRCH, kosa linalosomeka kwamba mchakato huo, yaani programu inayoendeshwa, haupo. "Lakini upo, ona," akaniambia, akinionyesha dirisha la pili. Ulikuwa ukichapa namba bila wasiwasi.

Maelezo aliyoyafuata, yaliyoachwa na aliyemtangulia, yalikuwa na sentensi moja kuhusu amri ya kuushika mchakato: "PTRACE_ATTACH husimamisha mchakato." Sentensi hiyo ilimla siku mbili, na mimi inaniudhi hadi leo. ATTACH hutuma SIGSTOP, ishara ya kuuambia mchakato usimame, basi. Huweza kurudi kabla mchakato haujasimama. Kondakta akigonga bodi ya matatu, gari bado linakwenda. Ukishuka kwa kuwa umesikia mlio, utaumia. Ni waitpid, amri ya kusubiri hali ya mchakato ibadilike, inayokupa habari kwamba umesimama kweli. Na ile ESRCH ina maana tatu: mchakato haupo, si wewe unayeufuatilia, au bado haujasimama. Kijana wetu alikuwa kwenye ya tatu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mambo haya yaandikwe kwa jicho la anayesubiri. Amri ikirudi, mchakato uko katika hali gani? Nini kimeusimamisha? SIGTRAP, ishara ya mtego, yaweza kutoka kwenye kituo ulichotega ndani ya programu, ile baiti 0xCC ya prosesa za x86, na hapo lazima urudishe kielekezi cha maagizo, kinachoonyesha agizo linalofuata, nyuma kwa baiti moja. Yaweza pia kutoka kwenye wito wa mfumo, pale programu inapoiomba keneli huduma, na usipoweka chaguo la PTRACE_O_TRACESYSGOOD ni vigumu kuzitofautisha. Anayeandika "husimama" bila kusema kusimama kupi amemwachia msomaji kazi yote.

Tangu Linux 3.4, ya mwaka 2012, kuna PTRACE_SEIZE, inayoshika bila kusimamisha, na PTRACE_INTERRUPT ya kusimamisha unapotaka. Naipenda njia hii zaidi, maana haikuchanganyi na SIGSTOP iliyotumwa na mtu mwingine. Hata hivyo, INTERRUPT nayo ni ombi. Lazima usubiri.

Jioni ile tuliifuta ile sentensi, tukaandika: "ATTACH huomba mchakato usimame. Usiguse rejista kabla waitpid haijakuambia umesimama." Chini yake kijana akaongeza mwenyewe zile maana tatu za ESRCH.